Kachapa Nani?

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye maonyesho ya chapa za lino hapa Dar es Salaam. Ukumbi siutaji, maana ninachotaka kusema hakihusu ukumbi mmoja. Ukutani zilikuwepo picha 32, nyingi nzuri, tatu au nne nzuri kiasi cha kumsahaulisha mtu foleni aliyotoka nayo barabarani. Chini ya kila picha palikuwa na kibandiko: jina la msanii, jina la picha, mwaka, vipimo, aina ya karatasi, bei. Mlangoni lilisimama bango la shukrani. Kashukuriwa mfadhili. Kashukuriwa fundi wa fremu. Imeshukuriwa hata kampuni iliyoleta soda.

Nikamuuliza dada aliyekuwa akiongoza wageni, "Samahani dada yangu, hizi kachapa nani?"

Akanitazama kama mtu anayetegwa. "Si msanii mwenyewe, kaka?"

Haikuwa kweli, na nilijua. Aliyezichapa alikuwa humo humo ukumbini, kijana ninayemfahamu kwa sura kwa sababu nimemkuta mara mbili akiwa ameinama juu ya mashine, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Jioni ile mikono yake ilikuwa misafi. Alisimama karibu na meza ya vinywaji, chupa mkononi, kama mgeni aliyeletwa na mgeni mwingine. Soda ina jina mlangoni. Yeye hana.

Basi leo nasema wazi, na atakayekasirika akasirike: kibandiko cha chapa ya lino kisichomtaja mchapaji ni kibandiko cha uongo. Wengine watasema ni usahaulifu tu. Usahaulifu gani huu unaomkumbuka mwenye soda kila mwaka na kumsahau mwenye wino kila mwaka? Na waongo tuko wengi: wasanii, wenye kumbi, wanunuzi, na sisi tunaoandika tahakiki. Mimi mwenyewe nimo, na nitaeleza.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe, kwa faida ya wasiowahi kuishika. Lino ni lile tandiko la sakafuni ambalo Mwingereza Frederick Walton alilibuni katika miaka ya 1860: mafuta ya mbegu za kitani yaliyoachwa yagande, yakachanganywa na unga wa gome lile linalotengenezewa vizibo vya chupa, yakatandazwa juu ya kitambaa cha gunia. Msanii anachora, anaugeuza mchoro wake kushoto kuwa kulia, kisha anachonga kwa patasi ndogo. Anachokiondoa kitabaki cheupe, anachokiacha kitashika wino. Akimaliza, kibao kimekamilika. Wengi hudhani na picha imekamilika. Jamani, hapo bado hakuna picha. Kuna kipande cha tandiko chenye mikwaruzo.

Picha inazaliwa wino unapokutana na karatasi, na kukutana huko kuna maswali yake. Wino uwe mzito kiasi gani, maana wino wa joto la Februari hapa Dar haufanani na wino wa Julai? Rola ipite mara ngapi? Ikipita mno, wino unaingia kwenye mifereji na mistari uliyoihangaikia wiki tatu inazibika. Ikipita kidogo, nyeusi inatoka na madoadoa kama imenyunyiziwa chumvi. Karatasi iloweshwe au ibaki kavu? Mashine igandamize kiasi gani? Na jibu lililopatikana kwenye nakala ya kwanza lazima lirudi vilevile kwenye nakala ya 30, kwa sababu mnunuzi wa nakala ya 30 naye kalipa bei ileile. Hayo yote yanaamuliwa na mtu. Mchapaji mzuri hata sikio lake linafanya kazi: wino ukiwa sawa juu ya kioo, rola hutoa mlio mdogo kama wa mafuta yanayoanza kuchemka kikaangoni. Mimi nimeusikia mlio huo mara nyingi na bado siwezi kukwambia kwa uhakika ni lini umefika. Wapo wanaoweza.

Sasa ya kwangu. Miaka kadhaa iliyopita nilichonga picha ya akina mama wakisubiri mashua za samaki pale Feri, alfajiri. Sikuwa na mashine. Nikapelekwa kwa mzee mmoja, mstaafu wa uchapaji, aliyekuwa na mashine ya zamani ya kuchapia majaribio kibandani nyuma ya nyumba yake. Shikamoo, marahaba, nikamwonyesha kibao. Akakipitishia kidole, hakusema kitu. Tukachapa nakala ya majaribio. Nyuso za wale akina mama zilitoka nyeusi tii kama matako ya sufuria. Mistari myembamba niliyoichonga kuzunguka macho ilikuwa imemezwa na wino.

Nilitaka kushika patasi nichonge upya. Akanizuia. "Acha hiyo patasi, mwanangu. Kibao chako hakina kosa. Kimelazwa vibaya tu."

Akachana gazeti vipande vipande, akaanza kuvibandika chini ya kibao: matabaka mawili chini ya bahari, tabaka moja chini ya kanga, chini ya nyuso hakuweka kitu. Mashine ikagandamiza kwa nguvu pale alipoinua, na pale alipoacha ikagusa tu. Akapunguza wino kwenye rola, akachapa. Karatasi ilipobanduliwa, bahari ilikuwa nyeusi ya kushiba na nyuso zile zilikuwa na mwanga. Mwanga ule sikuuchonga mimi. Na kila aliyewahi kuisifu picha ile mbele yangu aliusifu mwanga ule.

Tulichapa nakala 25 kwa siku tisa. Nikamlipa tulichopatana, bila kupunguza hata shilingi, nikajiona muungwana. Kwenye kibandiko niliandika jina langu, kisha: chapa ya lino kwenye karatasi ya pamba, gramu 250, nakala 25. Siku ya ufunguzi ilikuwa Ijumaa. Mzee alikuja na kanzu yake na kofia, akasogea hadi kwenye picha, akavaa miwani, akasoma kibandiko taratibu kama anayesoma barua ya serikali. Kisha akanigeukia.

"Umefanya vizuri kuitaja karatasi," akasema.

Hakuongeza neno. Akanywa soda yake, akaaga, akaondoka. Mimi mjinga nilidhani nimesifiwa! Nilikuja kuelewa nikiwa kwenye daladala usiku ule, na nikahisi moto usoni. Kesho yake ningeweza kukibadilisha kibandiko; maonyesho yalikuwa na siku kumi zaidi. Sikukibadilisha. Niliona aibu, halafu aibu nikaizoea. Kila nilipompigia simu baada ya hapo, mzee alikuwa na shughuli. Kazi zangu tatu zilizofuata nilizichapa mwenyewe kwa mgongo wa kijiko. Ziweke pembeni ya ile ya Feri na hutahitaji mhakiki akueleze nini kimepungua.

Huenda mtu akasema hayo ni mambo ya vibandani kwetu, na kwamba wakubwa wa dunia walifanya kila kitu kwa mikono yao. Haya, tumtazame Picasso, maana akitajwa yeye watu hutulia. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Picasso alihamia Vallauris, mji wa wafinyanzi kusini mwa Ufaransa. Wachapaji aliowazoea walikuwa Paris, mbali. Pale mjini alikuwepo mchapaji kijana, Hidalgo Arnéra. Walianza na mabango ya maonyesho ya mji, wakaishia kutengeneza pamoja baadhi ya chapa za lino zinazojulikana kuliko zote duniani. Mwaka 1958 Picasso alichonga picha ya msichana kufuatia mchoro wa Cranach Mdogo, akatumia vibao kadhaa kwa rangi mbalimbali. Kuzipanga rangi zote zikae mahali pake, karatasi baada ya karatasi, ni kazi ya kumtoa mtu machozi, na aliyeifanya hakuwa Picasso.

Baadaye Picasso akageukia njia ya kibao kimoja. Unachonga kidogo, unachapa rangi ya kwanza kwenye nakala zote. Unarudi kuchonga kibao kilekile, unachapa rangi ya pili juu ya ile ya kwanza. Unarudi tena. Kila hatua inakula kibao, kwa hiyo hakuna kurudi nyuma. Fikiria maana yake kwa mchapaji. Matoleo ya Picasso kwa kawaida yalikuwa ya nakala 50. Karatasi moja ikiteleza kwenye rangi ya nne, huwezi kuichapa nyingine, kwa sababu kibao cha rangi ya kwanza hakipo tena duniani. Kosa la mchongaji katika njia hii linaweza kugeuzwa kuwa mchoro. Kosa la mchapaji ni hasara isiyolipika. Kibao kilipelekwa kwa Arnéra, majaribio yakarudi kwa Picasso, akaamua, akachonga tena, kibao kikarudi, siku baada ya siku kwa miaka. Ukiita hayo kazi ya mtu mmoja, basi na mechi inachezwa na mfungaji peke yake.

Leo ukifungua katalogi za minada mikubwa, mara nyingi utakuta imeandikwa kwamba chapa hizo zilichapwa na Arnéra, Vallauris, na kutolewa na Galerie Louise Leiris, Paris. Swali langu ni hili: jina la Arnéra limempunguzia Picasso nini? Bei imeshuka? Watu wameacha kupiga foleni makumbusho? Hakuna. Jina la mchapaji halijawahi kumla msanii.

Mfano wa karibu zaidi uko Johannesburg. Miaka ya mwanzo ya 2010, William Kentridge alitoa mfululizo wa chapa za lino uitwao Universal Archive. Alianza na michoro ya wino kwa brashi: paka, miti, birika za kahawa, mashine za taipu. Michoro ikahamishiwa kwenye lino, na kila mruko wa brashi, kila tone lililochirizika, ikabidi lichongwe lilivyo, kisha lichapwe kwenye kurasa za kamusi na ensaiklopidia kuukuu. Kazi ilifanyika na David Krut Workshop, mchapaji mkuu akiwa Jillian Ross, na watu wa karakana walishiriki hata katika kuchonga. Kwa hiyo pale hata patasi ilipita mikono mingi, na jambo hilo halikufichwa. Yeyote anayetaka kujua kafanya nani nini anaweza kujua. Kentridge bado ni Kentridge.

Najua majibu nitakayopewa, nimeshayasikia yote, na mengine niliyatoa mwenyewe nilipokuwa najitetea moyoni.

La kwanza: mchapaji kalipwa. Mwashi naye hulipwa na haandiki jina lake ukutani. Sawa. Lakini nyumba haiuzwi kwa madai kwamba mwenye nyumba kaijenga kwa mkono wake. Chapa ya lino inauzwa hivyo hasa. Tunaandika kwa penseli 1/25, tunatia saini, tunamwambia mnunuzi hii si bango la dukani, hii imetoka mkononi, ndiyo maana bei iko juu. Ukishauza mkono, ni lazima useme mkono wa nani. La sivyo unauza mkono wa mtu kwa jina la mtu mwingine, na Kiswahili kina neno kwa biashara ya namna hiyo.

La pili: wazo ni la msanii. Hilo sibishi. Jina la msanii libaki juu, tena kwa herufi kubwa. Lakini sisi wapenzi wa vitabu tunajua kwamba wazo likipita mkononi mwa mtu, mkono ule unaacha alama. Mwalimu Nyerere alipotuletea Mabepari wa Venisi, jina lake liliandikwa kitabuni pamoja na la Shakespeare, na hakuna aliyesema Mwalimu alikuwa mashine ya Shakespeare. Hati za tenzi alizoziandika Muhamadi Kijuma wa Lamu zinatambulikana hadi leo kuwa ni za mkono wake, hata pale ambapo utenzi wenyewe ulitungwa na mwingine. Hata kanga, bwana! Tazama pindo la ile ya Kaderdina ya Mombasa: imeandikwa "Mali ya Abdulla". Utamaduni wa kutaja umepitia mkono wa nani tunao. Tumeuacha mlangoni tulipoingia kwenye kumbi zenye kuta nyeupe.

La tatu: mchapaji hana maamuzi, anafuata maelekezo. Huyu msemaji hajawahi kusimama mbele ya mashine. Na nimegundua kitu cha ajabu: chapa ikiharibika, jina la mchapaji hukumbukwa papo hapo. "Fulani kaniharibia kazi." Yaani kosa lina mwenyewe, uzuri ndio hauna? Chanda chema huvikwa pete. Sisi chanda kibaya tunakikata na chema tunakificha mfukoni.

Wapo wasanii wanaochonga na kuchapa wenyewe, na nawaheshimu. Shule ya Rorke's Drift nchini Afrika Kusini, iliyoanzishwa katika miaka ya 1960 na Waswidi Peder na Ulla Gowenius, iliwalea mabingwa wa lino kama Azaria Mbatha na John Muafangejo, katika mazingira ambapo kuchonga na kuchapa vilifundishwa pamoja. Ukichapa mwenyewe, andika umechapa mwenyewe. Hiyo nayo ni habari, na mnunuzi anastahili kuijua. Ninachokipinga ni kimya kinachomfanya kila mtu adhani hivyo.

Basi nataka nini? Mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Msanii, patana na mchapaji wako kwa maandishi kabla kibao hakijafika mezani: malipo, idadi ya nakala, nakala ngapi zinabaki kwake, jina lake litaandikwa wapi. Nakala ya mchapaji ni desturi ya zamani ya kazi hii, wala si zawadi ya huruma. Mpe, naye ana ukuta nyumbani kwake.

Mchapaji, jiwekee alama. Karakana nyingi ulimwenguni zina muhuri mdogo usio na wino unaokandamizwa kwenye kona ya karatasi. Tamarind, karakana ya chapa za mawe iliyoanzishwa na June Wayne huko Los Angeles mwaka 1960, ilijulikana kwa mihuri hiyo, wa karakana na wa mchapaji. Muhuri kama huo fundi wetu yeyote anaweza kukuchongea. Usisubiri kukumbukwa.

Mwenye ukumbi, ongeza mstari mmoja kwenye kibandiko. Mmoja tu. Kama nafasi haitoshi, punguza gramu za karatasi.

Na sisi wahakiki, tuache uvivu. Mara ngapi tumeandika kwamba msanii fulani "amefanikiwa kupata nyeusi yenye kina"? Tulimuuliza nani kaipata? Nimerudia kusoma tahakiki zangu za chapa nilizowahi kuandika, na hakuna hata moja inayomtaja mchapaji. Kuanzia leo, nisipoambiwa kachapa nani, nitaandika kwamba ukumbi umekataa kusema, na wasomaji waamue wenyewe.

Wiki iliyopita nilifunga safari hadi kwa mzee. Nilikuwa na nakala tisa za picha ya Feri zilizokuwa hazijauzwa. Shikamoo, marahaba. Nikazitandaza mezani, nikamwambia, "Mzee wangu, nilikukosea. Naomba uandike jina lako." Hakunijibu upesi. Akachonga penseli kwa wembe, akavaa miwani, akaandika moja baada ya nyingine chini ya picha, kwa mwandiko wa watu waliofundishwa kuandika kwa kalamu ya kuchovya. Alipofika ya tisa akauliza, "Na zile 16?"

"Zimeshauzwa, mzee."

"Basi hizo ni zako," akasema, akanirudishia penseli.

Jina lake siliandiki hapa kwa sababu kanikataza. Anasema mahali pake ni kwenye karatasi, na kwenye mtandao hana shida nalo. Lakini kama wewe unayesoma una moja kati ya zile 16, picha ya akina mama wa Feri na bahari nyeusi nyuma yao, jua kwamba niliiuza na kibandiko cha uongo. Niletee. Nauli ya kwenda kwa mzee nitalipa mimi, na penseli ipo.